Kinyozi na Feni za Taa ya Samaki

Kinyozi wa senta yetu alikuwa na brashi tano, na moja kati ya hizo haikuwahi kugusa shingo ya mtu. Ilining'inia peke yake kwenye msumari kando ya kioo, nywele zake laini zimefunikwa kwa kipande cha satini nilichompa mimi. Mteja mgeni akiinyooshea mkono alidakwa hewani. "Hiyo ya feni, bwana. Wewe chukua ile ya bluu."

Nilikuwa jirani yake. Nilishona nguo chumba cha pili, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao uliopitisha kila kitu: sauti, harufu ya spiriti, vumbi na umbea. Tulikaa hivyo miaka saba, wakati ule watu walipokuwa wakimiminika Tarime kutafuta dhahabu kama vile imemwagwa jana na kesho itakuwa imekwisha. Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Kinyozi, basi. Hata vinyozi wengine wawili waliofungua baadaye iliwabidi waitwe kwa majina yao, kwa sababu cheo kilikuwa kimeshachukuliwa.

Ndani ya saluni yake, mkabala na viti vya wateja, palikuwa na tangi la vioo lenye samaki tisa wa rangi ya chungwa. Juu yake palikuwa na mfuniko wa mbao, na kwenye mfuniko kulikuwa na taa ya LED yenye mwanga mweupe unaokaribia bluu, iliyoyafanya majani ya humo majini yaonekane kama yamepakwa rangi asubuhi ileile. Tangi hilo lilinunuliwa Mwanza na mchimbaji mmoja ambaye duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, lilikuwa limetema vizuri. Alitaka kufungua baa yenye samaki ukutani. Baa haikufunguliwa. Alipohamia machimbo ya mbali alimwachia Kinyozi lile tangi, na alieleza sababu mbele yetu sote: watu wote waliokwenda kulitazama walimuuliza samaki wale wanaliwaje, Kinyozi peke yake aliuliza wanakula nini.

Taa ile ilikuwa na feni mbili ndogo za kuipoza, kila moja upana wa kiganja cha mtoto. Taa kali huzaa joto, na feni huliondoa joto lile kwenye vyuma vya taa kabla halijaleta balaa. Najua hivyo kwa sababu alinieleza, nadhani, mara mia mbili. Na adui wa feni ni vumbi. Sasa senta yetu ilikuwa vumbi tupu. Nyuma ya maduka makarasha yalisaga mawe kutwa, mlima ukigeuzwa unga, na unga ule ulitua juu ya chai, juu ya vitambaa vyangu, juu ya kope za watoto. Ongeza nywele za wateja.

"Fundi," aliniambia siku moja kupitia ukutani, "hakuna feni duniani inayopata taabu kama hizi zangu. Uchafu wake nusu jiwe, nusu mtu."

Siku ya kusafisha ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Alirudi kutoka msikitini, akavua kanzu akaitundika, akageuza kibao cha mlangoni kilichoandikwa TUNASAFISHA, KAA AU RUDI. Wengi walikaa. Kazi yenyewe haikuzidi nusu saa, lakini aliifanya kama daktari anayejua kwamba ndugu wa mgonjwa wanachungulia. Kwanza alichomoa waya ukutani, kisha akauinua juu watu wote wauone. Akasubiri taa ipoe. Akafungua skrubu nne nne, akazipanga kwenye kifuniko cha mafuta ya nywele ili zisipotee. Halafu alishika bawa moja la feni kwa kidole na kupiga brashi polepole, bawa kwa bawa. Kule kushika bawa kulikuwa sheria. Ukipuliza feni ikazunguka yenyewe kwa kasi, alisema, unaiharibu huku unadhani unaisafisha. Kwenye matundu ya taa alipitisha pamba yenye spiriti kidogo. Mwishoni aligonga ukuta mara mbili.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Kwenye ukuta wetu palikuwa na tundu, nami nilipitisha kopo la mafuta ya cherehani. Alibandua stika iliyo katikati ya feni, akadondosha tone moja, akarudisha stika, akanirudishia kopo.

"Ongeza jingine basi," nilimtania. "Mafuta yapo."

"Tone la pili ni fujo," alijibu, na hakuwa anatania.

Alizisikiliza feni zile kuliko alivyowasikiliza wateja. Kwetu sisi zilikuwa na sauti moja, tena ndogo, iliyomezwa na makarasha na muziki wa duka la simu. Yeye alitofautisha ya kushoto na ya kulia. Siku moja alikuwa amefika katikati ya kichwa cha Marwa, mchimbaji mwenye mwili kama mlango wa ghala, akasimama mashine ikiwa mkononi.

"Nyamaza kidogo. Ya kushoto inakohoa."

"Kinyozi, maliza kichwa kwanza."

"Kichwa chako hakitaungua, mura. Subiri."

Neno "mura" alikuwa amelijifunza kwetu, ndilo tunalomwitia kijana wa Kikurya, naye alilitamka kwa lafudhi ya pwani mpaka likachekesha. Marwa akasubiri, upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande wa pili kichaka. Feni ya kushoto ilikuwa bado mezani pale mtu alipopita anapiga kelele kwamba duara la akina Marwa limetema. Marwa aliruka na taulo shingoni. Alirudi siku ya nne, kichwa nusu vilevile, meno yote nje. Wiki iliyofuata vijana watatu walikuja kuomba wanyolewe upande mmoja tu ili nao wapate bahati. Kinyozi aliwafukuza kwa brashi ya bluu.

Ushirikina hakuutaka kabisa. Wachimbaji walikuwa na tabia ya kupita saluni asubuhi kuwatazama samaki kabla ya kushuka shimoni, na mmoja akisema samaki mkubwa amemgeukia, basi siku hiyo atapata. Kinyozi aliwakemea mpaka wakachoka. "Samaki amegeuka kwa sababu ana njaa!" Lakini mimi, niliyekuwa upande wa pili wa ukuta, nilimsikia kila asubuhi akifungua mlango na kuwasalimia samaki wale mmoja mmoja kabla ya kuwasha taa, na siku aliyomsahau mmoja alizima taa akaanza upya.

Alikuwa hivyo katika mambo mengi. Alitoka pwani lakini aliogopa maji. Kijito cha nyuma ya senta alikivuka akiwa ameshika bega la mtu, hata wakati wa kiangazi. Alihubiri subira, na akiagiza chai aliifuata jikoni kwa mama ntilie mara tatu kabla haijachemka. Na huyu mtu wa tone moja la mafuta, baiskeli yake haikuwahi kuonja mafuta hata siku moja. Ililia njia nzima. Tulijua amefika kwenye kona kabla hatujamwona, na ukimwambia aipake mafuta alishangaa kweli: "Kwani inafanya kazi gani? Inazunguka tu."

Mara moja tulisafiri pamoja kwenda Sirari. Mimi nilifuata vitambaa, yeye feni, kwa kuwa ya kulia ilikuwa imechakaa na mhimili wake ukicheza. Alitembea maduka yote ya mpakani na ile feni ya zamani mfukoni, akiitoa kama mtu anayeonyesha picha ya ndugu aliyepotea. Kijana mmoja wa upande wa Kenya alikuwa nayo, ya kompyuta, ukubwa uleule.

"Hii ni orijino, mzee wangu. Siwezi kukuuzia kitu mbovu."

"Iwashe."

Kijana akaiunganisha na betri. Kinyozi akainama, sikio karibu ligusane na feni. Duka la jirani lilikuwa limefungulia spika mbili kubwa.

"Mwambie yule azime muziki."

"Mzee, hiyo ni feni, si simu! Utaongea na nani?"

Kinyozi hakubishana. Alikwenda mwenyewe kwa mwenye spika, sijui alimwambia nini, na kwa dakika nzima mtaa ule ukanyamaza. Wapita njia walisimama wakidhani kuna msiba. Yeye akafumba macho. Halafu akaniita: "Fundi, njoo usikie." Nikainama. Nilisikia hewa, basi. "Umesikia? Haina shida na mtu." Tulirudi Tarime akiwa ameipakata, na kila gari lilipoingia kwenye shimo aliinyanyua juu yeye akaumia.

Sasa nieleze ile Jumanne, maana bila hiyo mtu atadhani nasimulia habari za mzee mwenye vituko tu.

Wiki iliyotangulia, sikukuu ilikuwa inakaribia na wateja walijaa mpaka nje. Ijumaa ile kibao hakikugeuzwa. Niliona, nikataka kumwuliza, nikashikwa na kazi zangu. Nilikuwa na magauni ya harusi mbili. Jumanne, kama saa nne asubuhi, kelele zikapita: rashi! Kule ng'ambo ya kijito, kwenye shamba la mihogo, mtu amegonga dhahabu juujuu tu, unaokota. Mtu ambaye hajaishi machimboni hawezi kuelewa neno hilo linavyovuta. Mama ntilie aliacha wali mekoni. Mwenye duka la simu aliacha simu kaunta. Mimi niliacha gauni la bibi harusi chini ya sindano nikachukua beseni. Na Kinyozi, aliyekuwa akijisifu miaka yote kwamba yeye anachimba vichwa tu, nilimwona mbele yangu anakimbia na karai la kuoshea nywele, kandambili zinapiga visigino.

Tulikuwa tumeshakikaribia kijito pale aliposimama ghafla hivi kwamba nilimgonga mgongoni.

"Ya kulia," alisema.

"Nini?"

"Asubuhi sikuisikia. Nilifurahi kwamba imetulia." Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Fundi, haikutulia. Ilikuwa imesimama."

Akageuka. Senta nzima ilikuwa inakuja mbele yetu na yeye akaingia katikati yao kinyume, akisukumwa huku na huku. Marwa alimwona akapaza sauti: "Kinyozi, umepotea! Dhahabu iko huku!"

"Feni!" alijibu, na watu wakacheka huku wanakimbia.

Sijui kwa nini nilimfuata. Labda ni ule uso. Labda ni gauni la watu nililoliacha. Tulipofika, moshi ulikuwa unatoka juu ya tangi, si mwingi, mwembamba kama wa sigara, lakini ule mfuniko wa mbao ulikuwa na doa jeusi ukubwa wa sahani, na pembeni ya doa mwali mdogo ulikuwa unalamba ukuta wetu. Upande wa pili wa ukuta ule ndipo nilipotundika magauni. Baada yangu palikuwa na duka la simu, kisha mama ntilie, kisha maduka mengine, yote mbao, yote yameshikana, na hakuna hata mtu mmoja ndani.

Alichomoa waya kwanza. Hata siku ile hakuruka hatua. Akajifunga taulo mkononi, akang'oa mfuniko na taa yake akavitupa barabarani. Mimi nilichota maji ya tangi kwa beseni nililokusudia kuoshea dhahabu nikamwagia ukuta, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ukaacha kufuka. Samaki tuliwabakizia maji ya kuwafunika migongo tu.

Kisha tukakaa chini sakafuni, tumelowa, ninyi mngetuona mngesema tumetoka kisimani. Alikuwa ameungua vidole viwili. Nilidhani atacheka, maana mimi nilishaanza. Akasema, "Ijumaa sikusafisha."

"Mambo yamekwisha, mzee. Hakuna aliyeona."

"Wewe umeona. Na mimi."

Jioni watu walirudi wana matope mpaka magotini na mikono mitupu; ile rashi ilikuwa ya uongo, mawe tu yanayong'aa. Angeweza kunyamaza. Badala yake alipita duka kwa duka, taulo limefungwa mkononi, na kila mwenye duka akamwambia maneno yaleyale: "Leo nilikaribia kukuunguzia mali yako. Feni ilijaa uchafu na kosa ni langu. Nisamehe." Akafika kwa mama ntilie. Mama yule alimtazama, akatazama wali wake ulioganda mekoni kama tofali, akasema, "Nenda huko! Mimi mwenyewe nilikuwa naunguza." Tukacheka. Marwa akajikung'uta matope, akamshika bega. "Katika watu wote waliokimbia leo, ni wewe tu umepata kitu." Kesho yake alimletea bati, wakatengeneza mfuniko mpya pamoja, na toka siku hiyo kibao cha Ijumaa kilipogeuka hakuna mteja aliyenung'unika. Kinyozi akikunja uso katikati ya maongezi, saluni yote ilinyamaza na kusubiri kusikia ni ya kushoto au ya kulia.

Baadaye senta ilipungua. Wachimbaji wakahamia kwingine, makarasha yakahama, vumbi likatulia. Mimi nilihamia Mugumu, ambako kulikuwa na sare za shule za kushona. Yeye alisema anakwenda kutazamatazama. Hatukuagana sana, tulidhani tutaonana mwezi unaofuata. Ikapita miaka minne.

Mwaka jana hoteli moja pale Mugumu, ya wageni wanaokwenda mbugani, iliniita kupima wafanyakazi sare. Nikawapanga foleni mapokezi. Nimeshapima watu sita, naandika, sijainua kichwa, nikasikia: "Hii tepu yako imenyooka kweli, Fundi?"

Nilipiga yowe mpaka meneja akatoka. "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, Fundi, marahaba. Usilie, utalowesha daftari la watu."

Ndevu zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Nyuma yake palikuwa na tangi refu kama kitanda, taa tatu, feni sita. Ndiyo ilikuwa kazi yake sasa. Aliniambia kwamba sare hataki, anataka koti. Anakwenda Tanga. Binti yake anaolewa.

"Binti yako?"

Miaka saba alikuwa ameniambia kila kitu ukutani, habari za majirani, magonjwa ya tumbo, siasa. Binti hakumtaja hata siku moja.

"Nilikuwa naogopa," alisema polepole. "Ningemtaja tu, ningefunga duka niende. Na nilikuwa bado sijapata cha kwenda nacho. Sasa kaniandikia mwenyewe. Anasema, Baba, njoo tu hivyo ulivyo."

Lakini kulikuwa na tatizo. Meneja amekubali aende kwa sharti kwamba aache mtu wa feni, na Kinyozi alikuwa amewakataa watu wawili. Wa tatu alikuwa anajaribiwa asubuhi hiyo: Mama Bhoke, mama wa usafi, mtu wa kijiji cha Nyambureti, mpole na mnene, asiyependa kuharakishwa.

"Niangalie au usiniangalie, ni shauri yako," Mama Bhoke alimwambia Kinyozi. "Ila usiongee."

Alichomoa waya. Kinyozi akaniambia nimpime hapohapo, ili mikono yake iwe na kazi ya kufanya. Nikamzungushia tepu kifuani huku yeye akimtazama Mama Bhoke juu ya bega langu. Mzee alikuwa amejikunyata, mabega yamekuja mbele, midomo imebana. Skrubu zikatoka. Mama Bhoke akatoa brashi, akanyoosha kidole, akashika bawa. Nilisikia moyo wa mzee chini ya mkono wangu. Nikasoma tepu: inchi thelathini na sita.

Bawa kwa bawa. Pamba. Stika. Tone. Mama Bhoke akalitazama kopo la mafuta, akafikiri, akalifunga. Akarudisha skrubu, akachomeka waya.

Nilikuwa sijaitoa tepu. Feni zilipoanza kuzunguka, Kinyozi alifumba macho akasikiliza, na sisi sote mapokezi tukanyamaza, hata meneja. Halafu akashusha pumzi ndefu, mabega yakarudi nyuma, na tepu ikateleza vidoleni mwangu.

"Nitaondoka Alhamisi," alisema.

Nikasoma upya. Thelathini na nane. Nikaifuta ile ya kwanza daftarini, nikashona koti kwa kipimo hiki cha pili.